Tuseme Kweli Tuliyoyaona Marrakech



Ndugu wasomaji, jambo hili nimekaa nalo tangu mwezi wa nane wa mwaka 2024. Kila nikitaka kuliandika naona haya, maana mkosaji wa kwanza ndani yake ni mimi mwenyewe. Lakini naona watu wanazidi kwenda Moroko na wanazidi kurudi na hadithi zile zile tamu, na mwaka 2030 nchi hiyo itaandaa Kombe la Dunia pamoja na Uhispania na Ureno, kwa hiyo wataokwenda wataongezeka. Bora niseme sasa.

Mwanzoni mwa Machi 2023, mimi, mume wangu na mtoto wetu mdogo tulikwenda Marrakech kumtembelea kijana wetu mkubwa aliyekuwa anamalizia masomo kule. Kama mjuavyo, vijana wengi kutoka nchi zetu hizi husoma Moroko kwa msaada wa serikali ya huko. Tulikaa siku sita. Tuliporudi Bujumbura nikafanya kama wanavyofanya wote: nikaandaa chai na sambusa, nikawaita majirani na mashangazi, nikafungua albamu. Sebule ikajaa "MashaaAllah, MashaaAllah". Kulikuwa na picha ya mnara wa Koutoubia wakati wa magharibi, bustani ya Majorelle na ule ubuluu wake, milima ya Atlas yenye theluji kwa mbali, mikono yangu imepakwa hina, na mtoto wetu amebeba kima begani katika uwanja wa Jemaa el-Fna, anacheka.

Nikasema, "Ni mji wa Kiislamu, kila kitu rahisi, watu wakarimu, mtu unatembea bila wasiwasi."

Jirani yangu alikuwepo. Huyu ni mama anayeuza vitenge, tunaazimana chumvi na sukari tangu watoto wetu wakiwa wachanga. Alichanga pesa karibu mwaka mmoja na nusu. Agosti 2024, shule zilipofungwa, akaenda yeye na mumewe, binti yao wa miaka tisa na mama mkwe wake ambaye ni bibi wa miaka sabini na kitu. Alikwenda kwa maneno yangu.

Aliporudi hakuniita kunywa chai. Nilimfuata mwenyewe siku ya nne. Binti alikuwa na malengelenge mkononi, ua zima la hina limetuna kama mtu aliyeunguzwa kwa chuma cha moto. Jirani yangu akanitazama akasema maneno matatu tu: "Kwa nini hukuniambia?"

Na kweli sikumwambia. Sikudanganya kwa kusema uongo, nilidanganya kwa kukata. Hebu niyaseme niliyoyakata.

Kwanza, sisi tulikuwa na mwenyeji. Kijana wetu alikuwa na miaka minne pale, anazungumza Darija, yaani Kiarabu cha mitaani cha Moroko, kama aliyezaliwa nyuma ya ukuta ule mwekundu. Mtu akija kutushika mkono, kijana anasema maneno mawili, mtu anacheka na kuondoka. Teksi ikikataa kuwasha mita, anafunga mlango na kuita nyingine. Mimi niliyaona yote haya kama upepo unaopita. Jirani yangu na Kifaransa chake cha shuleni alikutana na upepo huo huo bila ukuta.

Siku yao ya pili walikuwa wanatafuta njia ya kurudi uwanjani. Kijana mmoja akawaambia kwa heshima zote: "Njia hii imefungwa, Mama. Lakini leo kuna soko la watu wa milimani, ni leo tu." Soko hilo la leo tu lipo kila siku, ndugu zangu. Aliwazungusha vichochoro vya mji wa kale karibu saa nzima mpaka kwenye viwanda vya ngozi upande wa Bab Debbagh, ambako ngozi huloweshwa katika mashimo ya chokaa na kinyesi cha njiwa, kazi ya karne na karne, nayo inafaa kuonwa na mtu aliyeitaka. Mlangoni wakapewa jani la nanaa la kuweka puani kwa ajili ya harufu. Nanaa bure, bila shaka. Kisha duka la ngozi, kisha yule aliyewaleta anadai malipo, na mwenzake naye anadai. Bibi alikuwa amekaa chini kwenye kizingiti cha mtu, midomo imekauka.

Maana sikumwambia habari ya joto. Mimi nilikwenda Machi na koti mkononi. Julai na Agosti Marrakech huvuka nyuzi 40 bila taabu, mji uko bara, hauna bahari ya kuupooza. Familia yenye mzee na mtoto haiendi kule mwezi wa nane. Hili ni neno la sekunde tano, na mimi sikulisema kwa sababu katika albamu yangu hapakuwa na jasho.

Halafu hina. Wanawake hukaa uwanjani na bomba za sindano zimejaa hina. Ukipita karibu mkono wako umeshikwa na ua limeanza kuchorwa kabla hujasema ndiyo. "Zawadi, zawadi." Likimalizika zawadi ina bei. Mimi kijana wangu alinipeleka kwa mwanamke anayemfahamu, hina ya majani, rangi ya kahawia. Binti wa jirani alipakwa nyeusi. Akina mama, tunajua sote kwamba hina ya majani haitoki nyeusi tititi. Ile nyeusi ina dawa ya rangi ya nywele, ndiyo ile ile piko tunayoijua, na ngozi ya mtoto inaweza kuungua na kubaki na mzio maisha yake yote. Tunawakataza binti zetu piko nyumbani, tukifika ugenini tunasahau.

Na kima. Binti alitaka picha kama ya mtoto wangu. Nasema tena: kama ya mtoto wangu. Wenye kima walikuwa wawili, kila mmoja akadai dirham 200, na wa tatu akatokea kudai chake kwa sababu kamba aliishika yeye.

Sasa nimeanza kuyasema haya kwenye vikao vyetu, na nimepata majibu ya aina mbili. Yote mawili siyakubali.

Jibu la kwanza: "Dada, hao ni Waislamu wenzetu, tusitangaze aibu zao." Subhaanallah. Kusitiri ni kwa mja aliyeteleza na kosa lake limeisha naye. Hili halijaisha. Kesho asubuhi bomba zitajazwa tena, na mkono utakaoshikwa ni wa binti wa mtu mwingine aliyesikia hadithi yako. Wanazuoni wamelitaja waziwazi jambo la kumtahadharisha Muislamu kuwa miongoni mwa sababu zinazoruhusu kutaja ubaya. Na tangu lini Uislamu ukawa ni kunyamazia bei ya ulaghai? Ipo sura nzima kwa jina la wanaopunja vipimo, Al-Mutaffifin. Mwenye kununua kwa hasara kwa sababu wewe ulinyamaza, kanyamaziwa na wewe. Tena semeni ukweli: hatunyamazi kwa ajili ya heshima ya Wamoroko. Tunanyamaza kwa ajili ya heshima yetu. Nani atatumia pesa zote zile kisha arudi aseme alitapeliwa?

Jibu la pili ndilo linaloniudhi zaidi: "Ndiyo walivyo, Waarabu wa kule wezi watupu." Anayesema hivi kakaa siku tatu, na siku zote tatu kakaa uwanjani! Ni sawa na mtu ashuke Zanzibar, azungukwe na papasi pale pale bandarini, kisha arudi kwao aseme Wazanzibari wote ni papasi.

Tuulize kwanza nani ameutengeneza uwanja ule uwe hivyo. Marrakech uliasisiwa na Murabitun kiasi cha mwaka 1070, na jina la nchi nzima katika lugha za Ulaya limetokana na jina la mji huu. Jemaa el-Fna ulikuwa uwanja wa watu wa mji na wa milimani: wauza dawa za miti, waganga wa meno, wasimuliaji wa hadithi waliozungukwa na halaqa ya wasikilizaji mpaka usiku. Kwa ajili ya hao hasa, UNESCO iliutambua uwanja huo mwaka 2001 kuwa urithi wa simulizi wa wanadamu. Leo wasimuliaji wamebaki wachache mno. Kwa nini? Kwa sababu mgeni hajui Darija, hasimami kusikiliza, hatupi sarafu. Anasimama kwa nyoka na kima. Basi aliyekuwa na hadithi akakosa chakula cha watoto, na aliyekuwa na kima akanunua wa pili.

Nyoka wenyewe wapo wanaong'olewa meno, na wapo walioonekana wameshonwa midomo, ili mtalii asiumwe. Kima wale ni wa misitu ya Atlas na Rif. Tangu mwaka 2008 wamewekwa katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka, na mwaka 2016 mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara yao ya kimataifa. Huchukuliwa wangali wachanga kutoka kwa mama zao, wakafungwa mnyororo juani. Sisi tunaowasimulia watoto habari ya yule mwanamke na paka aliyemfungia, tulimlipa mwenye mnyororo, tukasema "tabasamu". Picha ile ilikaa sebuleni kwangu mwaka mzima ndani ya fremu ya dhahabu.

Na nyumba je? Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wageni kutoka Ulaya, Wafaransa hasa, wamenunua riad nyingi za mji wa kale, zile nyumba zenye ua na chemchemi katikati, wakazigeuza za kulala watalii. Kijana wangu alinionyesha kichochoro ambacho mwenye nyumba wake alicheza utotoni. Majirani wake wa zamani karibu wote wamehamia mitaa ya nje ya kuta. Mwaka 2024 Moroko ilipokea wageni milioni 17.4. Mwaka uliofuata, 2025, kwa sababu ya ukame wa miaka mfululizo na mifugo kupungua, Mfalme aliwaomba raia wasichinje Idi ya Adh-ha. Hebu fikirini kwenu: wageni wanajaa, viwanja vya gofu kandokando ya Marrakech vinamwagiliwa, na baba anamweleza mtoto kwa nini mwaka huu hakuna kondoo. Kijana anayekuambia njia imefungwa anatoka katika nyumba hiyo. Simhalalishii senti aliyoichukua kwa jirani yangu. Nasema tu kwamba ukimwita mwizi, umtaje na aliyemfundisha kuwa mgeni ni pochi inayotembea.

Kuna jingine, nalo hulikwepa hata wale wanaosema yote. Rangi.

Sisi ni watu weusi, na Moroko kuna neno "azzi" analoitwa mtu mweusi, si neno zuri. Kijana wetu alilisikia mara nyingi katika miaka minne. Sisi tulilisikia mara moja, kutoka kwa watoto, na akatutafsiria baada ya kushikiliwa sana. Mwaka 2014 palifanyika kampeni huko huko Moroko ya kulipinga, kauli yake ikiwa "Massmiytich Azzi", maana yake jina langu si Azzi. Kwa hiyo Wamoroko wenyewe wanalijua tatizo na wapo wanaopambana nalo. Sisi ndio tunaojifanya halipo, tusije tukaharibu picha ya udugu.

Nilipoingia kasri la El Badi nilielewa kidogo. Ni magofu makubwa, bwawa refu katikati, korongo wamejenga viota juu ya kuta. Mwongozaji mmoja aliyekuwa na kundi karibu yetu alieleza utajiri wa Sultan Ahmad al-Mansur, aliyeitwa al-Dhahabi, wa dhahabu. Dhahabu ilitoka wapi hakugusa. Mwaka 1591 jeshi la sultani huyo lilivuka Sahara na bunduki, likaivunja dola ya Songhai, dola ya Waislamu, likaiteka Timbuktu. Wanazuoni wa Timbuktu walifungwa na kuletwa Marrakech, mmoja wao Ahmad Baba, faqihi mkubwa aliyepoteza vitabu vyake katika msukosuko huo. Watu wa Marrakech walikuja kuketi mbele ya mfungwa huyo kujifunza fiqhi kwake. Hakuruhusiwa kurudi kwao mpaka sultani alipofariki mwaka 1603. Na ngoma za Gnawa tunazozipiga picha uwanjani, wenye mavazi ya kome na vyuma mikononi, asili yake ni watu waliochukuliwa utumwa kutoka kusini ya jangwa. Mtoto wa Kiislamu wa Afrika akienda Marrakech ana haki ya kuambiwa hayo pale pale kwenye magofu. Yangemfaa kuliko kima.

Sasa mtasema, mama huyu anataka tusiende. Hapana. Nimebakisha lile ambalo pia sikulisema kwa majirani, kwa sababu halina picha.

Usiku wa tatu niliswali isha Koutoubia, upande wa wanawake. Msikiti ule ni wa karne ya 12, wa enzi ya Muwahhidun, mnara wake una mita 77 hivi na umekuwa mfano kwa minara mingi ya Moroko. Nilikuwa nimewahi mapema, tangu magharibi. Baada ya swala ya magharibi wanaume walikaa wakasoma hizbu ya Qur'ani kwa sauti moja, kwa kisomo cha Warsh, kama wanavyofanya kule kila magharibi na kila alfajiri. Sisi tuliozoea Hafs masikio yanashtuka kidogo hapa na pale, kisha yanalegea. Bibi mmoja wa kando yangu aliona sina mkeka mzuri, akausogeza wake nusu kwangu. Hakuwa na Kifaransa, mimi sina Darija. Akatoa tende tatu katika kitambaa, akanipa mbili. Nilipofungua mkoba kutafuta kitu cha kumpa, alinikunja vidole kwa mkono wake akaufunga mkoba.

Ijumaa mwenye nyumba wa kijana wetu alituita kula kuskusi, maana Ijumaa Moroko ni kuskusi, sahani moja kubwa na mboga saba juu. Tulikuwa watu kumi na mmoja kwenye meza moja, mtaa wa nje ya kuta ambao mtalii hana la kufanya huko. Mzee alipojua tunatoka Burundi aliuliza kama mvua zinanyesha. Ndilo swali lake la kwanza, mvua. Hakuna aliyetuuzia kitu.

Moroko asiyekuwa Muislamu haruhusiwi kuingia msikitini, isipokuwa mahali pachache kama msikiti wa Hassan II kule Casablanca. Ndiyo maana utaona Wazungu wamesimama nje ya Koutoubia, bustanini, wanapiga picha mnara. Wao hawana la kufanya. Sisi mlango uko wazi kwetu mara tano kwa siku, na bado tunasimama nje pamoja nao tukipiga picha ile ile, kisha tunavuka barabara kwenda kugombania bei na mwenye nyoka! Jirani yangu alikaa siku saba. Nilimuuliza aliswali Koutoubia mara ngapi. Akasema hakujua kama wanawake wana upande wao, na kwa joto lile na hasira zile hawakupata nafasi. Na hilo pia sikumwambia. Nilimwonyesha picha ya mnara.

Mkono wa binti umepona, imebaki alama nyeupe yenye umbo la ua. Nimemwomba jirani yangu radhi mbele ya mama mkwe wake, na bibi alinisemesha vizuri kuliko nilivyostahili. Picha ya kima nimeitoa ukutani; mtoto wangu aliuliza sababu, tukaongea jioni nzima.

Wiki iliyopita dada mmoja wa msikitini alinipigia simu. Anataka kwenda na watoto wanne, ameambiwa mwezi wa nane bei ni nafuu. Nilimwambia asubiri Machi. Nikamwambia teksi wakubaliane bei kabla ya kupanda, hina nyeusi asiguse, anayesema njia imefungwa apite tu amwambie la shukran, na neno azzi awaeleze watoto kabla hawajalisikia. Akaniuliza, "Sasa picha nzuri zinapigwa wapi?" Nimemtumia namba ya yule mzee wa kuskusi, baada ya kijana wangu kumwomba ruhusa.